Vichwa Sita Mahali Pakavu

Ujiji,
Jumatatu, 4 Machi 2024

Kwa Dunia, binti wa marehemu Yusta,

Salamu nyingi. Hunijui, au ulinijua ukiwa mdogo ukanisahau. Naitwa Mwalimu Leonia. Nilifundisha ushonaji miaka thelathini na mmoja katika shule ya ufundi ya wasichana hapa Ujiji. Sasa nina miaka themanini na mitatu, na moyo ambao daktari anasema umechoka kusukuma.

Habari zako nimezipata kwa Wilfred, dereva wa basi la Kasulu. Aliniambia binti wa Yusta ni fundi cherehani pale sokoni kwenu. Nilimwomba arudie mara mbili, maana masikio yangu hayanitii tena. Ndiyo sababu naandika, sipigi simu. Nikishika simu nasikia mvumo tu, kama mtu anayesema huku amefunikwa mto usoni.

Nina mali ya baba yako. Ni cherehani sita. Alizileta kwangu mwaka 1997, kabla hajavuka kurudi kwao ng'ambo ya ziwa, akaniomba nimtunzie. Nimezitunza. Zimo ndani ya masanduku mawili ya bati, juu ya matofali, chumba cha nyuma. Kila mwaka mwezi wa sita, mvua zikiisha, nimefungua, nimefuta, nimefunga. Ndani ya kila sanduku nimeweka bakuli la chumvi ya Uvinza ili ivute unyevu.

Sasa ziwa linakuja. Mwaka huu limepanda kuliko nilivyowahi kuona. Limemeza njia ya wavuvi, kisha limemeza choo cha jirani yangu Bariki, na jana niliona ukuta wa chumba cha nyuma umebadilika rangi kutoka chini, kiasi cha kiganja. Nikiugusa, mkono unarudi na ubaridi. Maji bado hayajaonekana mlangoni lakini yameshaingia kwa chini, yanapanda ndani ya tofali kimyakimya.

Wewe ni fundi. Niambie nifanye nini ili chuma kisiliwe na kutu katika siku zilizobaki. Siwezi kusema ni siku ngapi, za nyumba wala zangu.

Usije kwanza. Nina sababu. Niandikie tu, umpe Wilfred.

Mimi,
Mwalimu Leonia


Kasulu,
9 Machi 2024

Shikamoo Mwalimu,

Barua yako Wilfred alinipa mbele ya watu. Akapaza sauti, "Barua ya Ujiji hiyo, fungua tuone kama umeposwa!" Soko zima likacheka, na mimi nikacheka. Nilipoisoma sikucheka tena.

Mwalimu, mimi sina baba. Kila karatasi yangu imeandikwa Dunia Yusta. Kama uliishi Ujiji wakati ule, unajua tulivyoitwa. Nilikuwa na miaka sita. Watoto walinifuata wakiimba jina la baba, "Jean Vichwa, Jean Vichwa, tuonyeshe ulikoficha." Mimi nilikuwa Mtoto wa Vichwa. Mama alipopita sokoni Mwanga, muuza dagaa mmoja alifunika beseni lake kwa kanga, kana kwamba macho ya mama yana uchafu. Ilisemwa kuna karatasi imekamatwa, baba ameandika kwa mkono wake kwamba amelaza vichwa vya watu mahali, na kwamba alivuka ng'ambo kukimbia. Hiyo karatasi mama hakuonyeshwa. Alinibeba tukarudi kwao huku Kasulu, na jina la mume wake hakulitaja tena mbele za watu.

Alifariki mwaka 2011. Wiki ya mwisho aliniuliza, mimi mwanawe, "Dunia, hivi nililala kitanda kimoja na mtu wa namna gani?"  Mpaka leo nami najiuliza. Nikikohoa kama baba, au watu wakisema mikono yangu si ya kwetu Buha, naogopa.

Lakini chuma hakina dhambi, na mimi nashonea cherehani ya dada mmoja, Wema, ambaye akiamka vibaya ananiambia nisimame aketi mwenyewe. Kwa hiyo nisikilize.

Hiyo chumvi itoe leo hii. Chumvi inavuta maji, kweli, lakini ikishiba inalia, na chozi lake likigusa chuma ndiyo kutu yenyewe. Tia mkaa mkavu, uliochomwa na jua siku nzima, ndani ya soksi kuukuu, uweke kila pembe ya sanduku. Usifunge kwa nailoni, nailoni inatoa jasho. Funga kwa shuka la pamba. Kabla ya kufunga, fungua lile bamba chini ya sindano utoe vumbi lote la nyuzi, maana vumbi lile ni sifongo, linakunywa unyevu wa ziwa na kuulaza juu ya meno ya chuma. Masanduku yasiguse ukuta. Yapandishe juu ya meza. Mafuta ni ya cherehani tu. Usitumie ya kupikia wala ya kujipaka.

Halafu nijibu. Zina meza zake? Sindano zimetolewa? Mikanda je? Fundi anayeacha cherehani kwa muda mrefu hutoa sindano, hutoa bobini ya uzi wa chini, hulegeza uzi wa juu, huvua mkanda. Nikijua alivyoziacha, nitajua zimeharibika kiasi gani.

Wako,
Dunia Yusta


Ujiji,
Jumatatu, 18 Machi 2024

Dunia mwanangu,

Nimekusikia. Chumvi nimeitoa. Ulisema kweli, bakuli la pili lilikuwa limegeuka maji, na pembe ya sanduku ina doa jekundu kama kidonda. Miaka yote hiyo nilidhani nakinga. Mkaa umeanikwa, lakini jua lenyewe linatoka kwa kuchungulia.

Bariki alikuja kuinua masanduku. Ni mvuvi wa miaka hamsini, mgongo wake mpana, na mdomo wake haupumziki. Alipoinua la kwanza alisema, "Mwalimu, umeficha mizinga humu? Unataka kupigana na ziwa?" Tukayaweka juu ya meza ya kulia chakula. Sasa nakula nimeshika sahani mapajani.

Meza za cherehani hazikuja. Ni vichwa tu, vyote sita.

Vitano viko vizuri. Sindano nilizitoa mwenyewe zamani, na mikanda niliivua. Nilipovipaka mafuta safari hii magurudumu yalizunguka, na sauti yake ilikuwa ileile.

Cha sita sijakifungua tangu mwaka ule. Uliniuliza kilivyoachwa, kwa hiyo nilimwomba Bariki akifunue. Nitakuandikia nilichokiona, hata kama mkono hautaki. Sindano imo, tena imezama ndani ya kitambaa. Mguu wa kubana nguo umeshushwa. Uzi umo tangu juu hadi chini. Kitambaa ni cha manjano, chenye maua madogo meupe, na kinaonekana ni mkono wa gauni dogo, umeshonwa nusu ya duara. Mkanda ulikuwa ungali kwenye gurudumu. Bariki alipougusa ulikatika. Gurudumu haligeuki. Ndani kote kuna mafuta mekundu yaliyoganda kama gundi. Ni mawese.

Ningeweza kukuandikia kwamba nacho ni kizima. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi nikiliwaza hilo, na sikuliandika.

Maji yametokeza. Leo asubuhi palikuwa na mstari mwembamba kando ya ukuta, unang'aa.

Mwalimu Leonia


Kasulu,
23 Machi 2024

Mwalimu,

Barua yako nimeisoma mara nyingi hadi Wema akaniuliza kama ni ya mahakamani.

Mtu anayekwenda kukaa ng'ambo haachi sindano ndani ya kitambaa. Hata fundi mjinga haachi. Sindano ikiachwa inatoboa nguo kwa kutu, uzi unaoza ndani ya bobini, mkanda unakauka. Anayeshusha mguu juu ya mkono wa gauni, ameinuka kunywa maji. Anarudi. Kwa hiyo baba yangu hakuwa anaondoka. Uliniandikia kwamba alikuachia kabla ya kuvuka. Nani alikuambia anavuka? Na nani alitia mawese? Fundi hawezi kutia mawese kwenye cherehani hata akilewa.

Na lipo jambo jingine. Umeandika "vichwa". Vichwa tu, vyote sita.

Mimi neno hilo nalitamka kila siku ya Mungu. Wema ananiambia, "Dunia, inua kichwa nifute meza," na nainua. Sikuwahi kuliunganisha, Mwalimu. Nililipata kwa watoto wa Ujiji kabla sijajua kushika sindano, na midomoni mwao lilikuwa linatoka damu. Nimeishi na maneno mawili ndani ya neno moja, na hayakuwahi kukutana mpaka barua yako.

Gauni la manjano ni la mtoto wa miaka mingapi?

Usiniandikie habari za mkaa. Niandikie unachokijua.

Dunia


Ujiji,
Jumatano, 3 Aprili 2024

Dunia,

Baba yako hakuua mtu. Hakuficha mtu. Naliandika hili kwanza, ili hata nikifia mstari unaofuata, uwe umelipata.

Gauni ni la mtoto wa miaka sita.

Nilimweleza padri Alhamisi Kuu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama nimemwambia mwenye haki. Nikasema bado. Akasema, "Basi hujamaliza kuungama." Nilirudi nyumbani nikakuta maji yamefika katikati ya chumba cha nyuma. Naandika nimeinua miguu juu ya kiti cha pili.

Jean alikuwa na baraza lake la kushonea pale Mwanga, cherehani sita, na wasichana alikuwa akiwafundisha bila kudai chochote. Novemba ile ya 1997 mvua zilianza na upepo ulioezua bati zake. Siku ya Jumanne alikuja kwangu, mkokoteni akiukokota mwenyewe. Akasema, "Mwalimu, nyumba yako ni ya saruji. Nivilaze vichwa kwako juma moja, nipige bati mpya." Tulivipanga chini ya kitanda changu. Cha sita alikibeba kifuani kama mtoto aliyelala, kitambaa kikining'inia. "Hiki mtu asikiguse," akasema. "Ni gauni la Dunia la Noeli. Nashona kwa kujificha, ana macho huyo!" Mama yako wiki ile alikuwa Kibirizi akianika dagaa, nawe ulikuwa naye.

Jumatatu iliyokuwa inakuja, wasichana wangu kumi na wawili walikuwa na mtihani wa vitendo. Shule ilikuwa na meza za kutosha, lakini cherehani mbili tu, moja mbovu. Nilimwomba Jean aniachie wasichana watumie zile tano, siku tatu tu. Alikataa kwa heshima. "Mwalimu, nisamehe, mkono wa mwanafunzi unavunja roho ya mashine." Nilimpa chai, nikatabasamu. Moyoni nilikasirika sana.

Alhamisi mchana Mzee Mwinshehe, aliyekuwa mwenyekiti wa mtaa wetu, alikuja shuleni na wanaume wawili wenye marungu. Wakati ule vita ilikuwa inawafukuza watu kule ng'ambo, wanavuka kila siku, na kila sufuria iliyopotea Ujiji ilisemekana wameiba wao. Alikuwa na karatasi, akanipa niisome. Mwanamke mmoja alikuwa akimpelekea mama yako, wakamnyang'anya. Karatasi yenyewe hii hapa, nimeifunga ndani ya barua. Nimekaa nayo miaka ishirini na sita. Isome kwa sauti, Dunia, mara ya kwanza kama wao, mara ya pili kama fundi:

"Bibi yangu Yusta, vichwa sita nimeshavilaza mahali pakavu. Cha sita kingali na kitambaa mdomoni, mtu asikiguse, nitakimaliza mwenyewe Jumamosi. Mtoto asijue. Jean."

Mwinshehe akaniambia, "Mwalimu, tumemshika. Anasema ni vichwa vya cherehani, na kwamba viko kwako. Anasema muulizeni Mwalimu Leonia, atawaeleza. Wewe ndiye msomi wetu. Tuambie, kichwa ni nini?"

Nilikuwa nimetoka darasani. Niliuvuta mlango nyuma yangu, maana ubaoni kulikuwa na picha ya cherehani niliyoichora asubuhi ile kwa mkono wangu, na mshale, na neno KICHWA kwa herufi kubwa. Chaki ilikuwa ingali kwenye vidole vyangu. Nikawaza haraka sana kuliko nilivyowahi kuwaza maishani. Nikisema viko kwangu, watavichukua kuwa ushahidi, na Jumatatu ni mtihani. Nikinyamaza, Jean atakaa ndani hadi Jumatano, wasichana watakuwa wamemaliza, nami nitakwenda kusema. Siku sita. Nilijiambia, mtu mzima haharibiki kwa siku sita.

Nikasema, "Kichwa ni kichwa, Mwenyekiti."

 Akasema, "Umesema wewe, Mwalimu." Wakaondoka, karatasi ikabaki mkononi mwangu.

Jumamosi mchana walimpakia Jean kwenye boti hapa Ujiji pamoja na watu wengine wa ng'ambo, wakaisukuma, kisha wakatangaza kwamba amekimbia. Upepo ulikuwa umeshaanza. Nilipata habari Jumapili nikitoka kanisani. Nimeuliza kila mwaka kwa kila mtu aliyetoka upande wa pili, na hakuna bandari hata moja iliyoiona boti ile ikifika.

Jumatatu wasichana walishona kwa vile vichwa vitano. Walifaulu wote kumi na wawili. Nilipewa cheti cha pongezi. Kinaning'inia ukutani ninapoandika, na unyevu umeanza kukikunja kutoka chini.

Jumatano sikwenda kusema. Kwa nani? Jioni ile nilisafisha vile vitano, na chupa ya mafuta ya cherehani ilikuwa tupu, nikatia mawese ya jikoni. Mimi, mwalimu! Vitano nilikuja kuvisafisha baadaye kwa mafuta ya taa. Cha sita nilikidondoshea mawese kwenye tundu la juu tu, bila kugusa kitambaa, nikidhani nakitendea wema, kisha nikakifunga. Sikuweza kukitazama tena.

Alhamisi mama yako alikuja. Alisimama mlangoni, wewe umeshika kanga yake. Akasema, "Mwalimu, mume wangu hakukuachia kitu?" Nikasema, "Hakuniachia." Vichwa vilikuwa hatua nne nyuma yangu.

Waliposema Ujiji nzima kwamba Jean ni muuaji, sikuwahi kusema ndiyo, na sikuwahi kusema siyo. Nilikwenda nyumbani nikabadilisha chumvi. Nimevitunza vyuma vyake kwa sababu yeye sikumtunza. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, njoo uvichukue.

Leonia


Kasulu,
8 Aprili 2024

Mwalimu Leonia,

Karatasi nimeisoma kwa sauti mara mbili kama ulivyosema. Ya pili sikuimaliza.

"Mtoto asijue." Mtoto hakujua, Mwalimu. Mtoto ana miaka thelathini na mitatu ndiyo amejua.

Wewe unataka msamaha kwa barua, uje kwa basi, uusome peke yako, ulale. Sina msamaha wa namna hiyo. Baba yangu aliuliwa kwa neno, mbele ya watu watatu, mchana. Mama yangu alizikwa nalo. Neno hilo halitoki kwa karatasi iliyofungwa, litatoka lilikoingilia.

Walikuuliza kichwa ni nini. Hujawajibu bado. Nenda ukawajibu. Huyo Mwinshehe kama yu hai, nenda barazani kwake, na kichwa cha sita kiwe mezani, kila mtu akione na gauni lake mdomoni. Ukishindwa kutembea, ubebwe. Baba yangu naye alibebwa.

Usife kabla.

Dunia, binti Jean


Ujiji,
Jumatano, 17 Aprili 2024

Dada Dunia,

Salamu. Mimi ni Bariki, jirani wa Mwalimu. Mwandiko wangu ni wa mtu wa nyavu, univumilie. Nakuandikia kwa kuwa yeye hawezi tena.

Barua yako ilipofika alinisomea yote. Mimi nilikuwa kijana wakati wa baba yako, na niliimba ule wimbo na wenzangu. Nakwambia mapema, usije ukalipata kwa mwingine.

Jumamosi alisema, "Bariki, tafuta wanaume watatu." Tulimbeba kwenye kiti cha plastiki, na mimi nikabeba kichwa cha sita. Mzee Mwinshehe yu hai, miguu ndiyo imekufa. Anakaa barazani kwake kule juu, na watu walikuwa wamejaa, maana ndipo tunapokutana kusema habari za maji na za kuhama. Alipotuona alicheka. "Mwalimu! Umekuja kutufundisha kushona uzeeni?" Watu wakaangua kicheko. Mama Catherine wa vitumbua akasema, "Anzeni na huyo Bariki, suruali yake ina dirisha."

Niliweka kichwa mezani. Mwalimu akaweka mkono juu yake. Akasema kwa ile sauti ya darasani, hata mimi nikajikuta nimenyooka, "Hiki ni kichwa."

Kicheko kikakatika. Akasema, "Vilikuwa sita. Vilikuwa chini ya kitanda changu. Jean alisema kweli, na mimi nilijua, nikawaambia kichwa ni kichwa. Gauni hili ni la mtoto wake." Mama Catherine akaja akakigusa kitambaa kwa kidole, akarudi nyuma akilia.

Sasa sikiliza, dada. Tulidhani Mzee Mwinshehe atashtuka. Hakushtuka. Alimtazama Mwalimu kama mtu anayemwonea mtoto huruma. Akasema, "Leonia, mke wangu alikuwa na cherehani tangu tuoane. Ulidhani sijui kichwa? Ulivuta mlango, lakini dirisha lilikuwa wazi. Ubaoni nilisoma. Umeandika mwenyewe, kwa herufi kubwa."

Mwalimu akasema, "Kama ulijua, uliniuliza nini?"

Akasema, "Nilitaka mtu aliyesoma anyamaze pamoja nami."

Mwalimu alifungua mdomo. Ulikaa wazi vile, bila sauti. Tulimrudisha kwenye kiti, kichwa chake kimeegemea bega langu, na tulipofika tukakuta maji yamepita mlango wa mbele, viatu vyake vinaelea. Tulimlaza kwangu. Hakusema neno tena. Jumatatu alfajiri alikata roho. Tumemzika jana, kwenye ardhi ya juu.

Kuna jambo ambalo labda hulijui. Baraza la baba yako pale Mwanga, mwaka uliofuata alikaa fundi mwingine, mkwe wa Mzee Mwinshehe. Wote tuliliona. Hakuna aliyeuliza.

Vichwa vitano viko kwangu, vikavu, juu ya dari. Cha sita kimebaki barazani kwa Mzee, palepale mezani, kwa sababu siku ile mikono yetu yote ilikuwa imembeba Mwalimu. Ananitumia watu kila siku, niende nikiondoe, anasema kinamtazama. Nimemjibu mwenyewe hayupo.

Nifanye nini?

Bariki


Kasulu,
Jumatatu, 22 Aprili 2024

Kaka Bariki, shikamoo,

Asante kwa kumbeba. Na asante kwa kuniambia habari ya wimbo. Ni wewe wa kwanza. Mwalimu Mungu amlaze anapostahili, sitasema zaidi, bado napima.

Vile vitano vifunge kila kimoja na shuka lake, uvilaze upande wa gurudumu ukiwa juu, utie matambara katikati visigongane, mkaa usiutoe. Mpe Wilfred, mwambie visikae nyuma karibu na madumu ya mawese. Nimeshamwambia Wema asimame atafute mwingine wa kumwinulia kichwa.

Cha sita usikiguse. Usikifute, usikitie mafuta, usikifunike hata mvua ikipiga baraza. Nitakuja mwenyewe. Nina chupa mbili za mafuta ya taa na moja ya mafuta ya cherehani. Nitaketi palepale mezani pake, mbele ya macho yake, nilainishe mawese ya miaka ishirini na sita tone kwa tone mpaka gurudumu lizunguke. Inaweza kuchukua siku nzima, inaweza kuchukua juma. Kisha nitamalizia ule mkono wa gauni kuanzia sindano ilipozama, na yeye atasikia kila mshono. Miguu yake imekufa, hawezi kuinuka. Atasikia.

Baba aliandika atakimaliza Jumamosi. Basi nakuja Jumamosi hii, kwa basi la asubuhi.

Nenda ukamwambie Mzee Mwinshehe leo, akae akingoja. Mwambie binti Jean anakuja kuchukua kichwa. Akikuuliza kichwa gani, usimfafanulie. Mwambie kichwa ni kichwa.

Dunia, binti Jean